Waliojibu ni wangapi? Jibu kwa katibu wa chama, Langoni

Swali: Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha wenye nyumba za wageni na wenye mashua za kutembeza watalii hapa Lamu, nakaa Langoni. Orodha yetu ina wanachama 140. Mwaka jana mwezi wa Agosti vijana wetu walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza kama mapato yamepanda, yamebaki palepale au yameshuka. Walijibu 58, na 31 wakasema yameshuka. Mwaka huu, kwa kubana matumizi, tuliweka swali lilelile kwenye kundi la WhatsApp mwezi wa Mei. Wamejibu 31, na 19 wanasema yameshuka. Tukaandika barua ya kaunti kwamba hali imezidi kuharibika, kutoka asilimia 53 hadi 61. Mtu tuliyemwonyesha barua kabla ya kuipeleka akasema idadi ni ndogo, haituruhusu kusema hivyo. Je, watu 31 si watu? Mbona benki huuliza kampuni 400 kwa nchi nzima na watu wakaamini? Na sisi tuulize wangapi ndipo tusikilizwe?

Jibu: Wa aleikum salaam, dada yangu. Watu 31 ni watu, tena ni watu walioacha shughuli zao wakakujibu, na neno la kila mmoja ni kweli kwa nyumba yake au chombo chake. Ugumu unaanza pale barua inapoacha habari za hao 31 na kuanza kusema habari za wote 140. Hapo aliyeisoma ana haki ya kuuliza mmejuaje.

Tuanze na hesabu ya vidole. Katika watu 31, kila mmoja hubeba zaidi ya asilimia 3. Sasa tuseme wawili kati ya wale 19 walijibu kwa haraka: mmoja mashine ya boti ilikuwa imemfia asubuhi ile, mwingine alikuwa akilinganisha na msimu wa Maulidi. Wangejibu siku nyingine wangesema mapato yako palepale. Asilimia 61 yenu inakuwa 55. Wakiwa watatu inakuwa 52, chini ya ile ya mwaka jana. Basi habari yote ya barua, kwamba hali imezidi kuharibika, imesimama juu ya watu watatu.

Wazee wetu walionunua mchele kwa magunia walilijua jambo hili kwa mikono yao. Mnunuzi alikuja na bambo, kile chuma chembamba chenye ncha na mfereji, akakichoma guniani, akakitoa na punje chache, akazimwaga kiganjani akazitazama rangi, akatafuna mbili tatu. Hakulifungua gunia zima. Lakini hakuchoma mara moja, na hakuchoma mahali pamoja. Alichoma juu, akachoma ubavuni, akalilaza gunia akachoma chini, kwa kuwa alijua muuzaji akitaka kudanganya huweka mchele mzuri juu. Kazi yangu yote ya miaka hii imo katika mkono ule: umechoma mara ngapi, na umechoma wapi. Barua yenu ina shida katika yote mawili, na ya pili ndiyo kubwa zaidi.

Kuhusu mara ngapi, kanuni yenyewe ni ya zamani na haina siri. Ukiwauliza watu 100 waliochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu kutoka kundi kubwa, asilimia unayopata yaweza kuwa mbali na ukweli kwa pointi 10 hivi, juu au chini (yaani ukipata 50, ukweli waweza kuwa 40 au 60). Ukiwauliza 400, pengo hilo linashuka hadi 5. Ukitaka lishuke hadi 2 na nusu itabidi uwaulize 1,600. Yaani kila unapotaka kulipunguza pengo nusu, unazidisha watu mara nne. Ndiyo maana tafiti kubwa hugharimu, na ndiyo maana kutoka 31 hadi 60 kuna faida kubwa kuliko kutoka 400 hadi 430.

Nyinyi mna bahati moja: orodha yenu ni fupi, na ukiwauliza 31 kati ya 140 umekwisha kugusa sehemu nzuri ya kundi lote. Nimeliingiza hilo kwenye hesabu. Hata hivyo, tukichukulia kwamba waliojibu walipatikana kwa kura (na hawakupatikana hivyo), asilimia 61 ya mwaka huu yaweza kuwa mahali popote kati ya 46 na 76. Ile 53 ya mwaka jana yaweza kuwa kati ya 44 na 63. Tazama masafa hayo yalivyolaliana. Kwa idadi hizi, tofauti ya miaka miwili ingepaswa kufika pointi 18 hivi ndipo mtu wa fani hii akubali kwamba kuna kitu kimebadilika. Yenu ni 8.

Sasa benki. Ripoti ya kila mwezi ya Stanbic Bank kuhusu mwendo wa biashara Kenya hutokana na kampuni takriban 400, na watu wengi hushangaa kama ulivyoshangaa. Ukubwa wa nchi haubadilishi sana hesabu: watu 400 waliochaguliwa vizuri hutoa pengo lilelile la pointi 5 wakiwakilisha watu laki moja au milioni arubaini. Bambo halirefuki kwa sababu bohari ni kubwa. Zaidi ya hapo, kampuni zile huchaguliwa kwa kutazama sekta na ukubwa wake, na hurudiwa zilezile mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo badiliko linaloonekana ni badiliko la kampuni zilezile.

Lakini ripoti ile inasema habari za Kenya nzima na kuishia hapo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 Kenya, na katika kaunti ya Lamu watu 143,920, yaani watu 3 hivi katika kila 1,000. Ungezigawa zile nafasi 400 kwa wingi wa watu, Lamu ingepata moja. Mtu mmoja aseme kwa niaba ya Mokowe, Mpeketoni, Witu, Faza na Kiunga! Mtu akikuletea takwimu ya nchi nzima akakwambia "na kwenu Lamu mambo ndivyo yalivyo", muulize ni wangapi kati ya waliojibu walitoka Lamu. Mara nyingi hapo mazungumzo hubadilika.

Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilikutana na jambo hilohilo. Utafiti wake wa bajeti za kaya wa 2005/06 ulikuwa na kaya 13,430. Ule wa 2015/16 ulipanda hadi 24,000, na sababu kubwa ni kwamba katikati hapo tulipata kaunti 47, na kila moja ilitaka kujua umaskini wake yenyewe. Ukigawa 24,000 kwa 47 unapata wastani wa kaya 510 hivi kwa kaunti. Huo ndio ukubwa wa kazi inayohitajika ili useme jambo la maana kuhusu kaunti moja, na hata hapo kuna la kuangalia: kaya zile zilichukuliwa kumikumi kutoka vituo 2,400, na majirani hufanana. Ukiuliza nyumba kumi za kichochoro kimoja Shela, hujasikia habari kumi kamili, maana watalii waliopita mlango wa kwanza ndio waliopita wa pili.

Nije kwenye lile la pili, umechoma wapi, yaani ni nani waliojibu, ambapo moyo wangu uko.

Nilipoanza kazi hii nilipelekwa Kizingitini, kisiwa cha Pate, kuuliza wavuvi mapato ya wiki. Tulifika saa tatu asubuhi, wawili, na bahasha ya karatasi za maswali. Pwani tulikuta watu wamekaa kivulini wakishona nyavu. Walitukaribisha, wakatupa maji, wakajibu kila tulichouliza, na kufikia adhuhuri karatasi zilikuwa zimejaa. Usiku nikahesabu kwa taa ya chemli: karibu wote walisema wiki ile hawakupata kitu. Nikaandika kwamba uvuvi wa kijiji umesimama. Asubuhi yake nahodha mmoja mzee akaniita barazani, akanimiminia kahawa, akataka kujua tumepata nini. Nilipomwambia alinyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "mmewauliza waliobaki. Waliovua wangali baharini."

Tulibaki hadi maji yakajaa na mashua zikarudi, tukasimama pale samaki wanapopimwa, tukauliza upya. Habari ikageuka. Karatasi za siku ya kwanza zilikuwa nyingi kuliko za siku ya pili, na bado zilikuwa na makosa zaidi. Tangu siku ile, nikipewa ripoti ya utafiti wowote, kabla ya kutazama asilimia natafuta mahali palipoandikwa ni wangapi waliulizwa, ni wangapi waliojibu, na saa ngapi.

Nyinyi Agosti mliuliza mlangoni, Mei mmeuliza kwa simu. Agosti ni likizo ya Ulaya, nyumba zina watu. Mei kusi limeshika, mvua inanyesha, bahari ni chafu kwa mashua ndogo, na nyumba nyingi za Shela zimefungwa mpaka msimu urudi. Wenyewe wako Mombasa au wamesafiri. Ni nani basi aliyebaki kundini akisoma ujumbe? Yaweza kuwa aliyekosa wageni na ana nafasi ya kuandika. Yaweza pia kuwa kinyume, kwamba aliyefilisika kabisa amekwisha kutoka kwenye kundi. Sijui, na nyinyi pia hamjui, na hapo ndipo ubaya ulipo. KNBS waliuendesha ule utafiti wa 2015/16 kwa miezi 12 mfululizo ili kaskazi na kusi, mavuno na njaa, vyote viingie. Chama hakiwezi hivyo, lakini kinaweza kuuliza mwezi uleule kila mwaka na kwa njia ileile.

Fanya hesabu hii mwenyewe, ndiyo iliyonifundisha heshima kwa walionyamaza. Wasiojibu mwaka huu ni 109. Tuseme wote hao mapato yao hayakushuka: basi walioshuka ni 19 kati ya 140, asilimia 14. Tuseme wote yameshuka: wanakuwa 128 kati ya 140, asilimia 91. Ukweli uko mahali fulani kati ya 14 na 91, na majibu 31 pekee hayawezi kukusogeza karibu zaidi mpaka ujue lolote kuhusu wale 109.

Na bila shaka habari zao mnazijua zaidi ya mnavyodhani. Katika hao 109 wamo waliofunga biashara moja kwa moja. Mlango una kufuli, kibao kimeng'olewa, mashua imepandishwa Matondoni na mwenyewe ameshaanza kuitafutia mnunuzi. Mtu huyo amehesabiwa kama hakujibu, wakati jibu lake ndilo zito kuliko yote. Kufuli ni jibu. Liandikwe. Tafiti nyingi za biashara zinazotoka zikiwa na sura nzuri zimesahau kuwahesabu waliokufa kibiashara, kwa kuwa aliyefunga hapokei simu.

Msidhani haya ni matatizo ya chama kidogo. Oktoba 2023 ofisi ya taifa ya takwimu ya Uingereza ilisitisha kutoa hesabu zake za kawaida za ajira, zile zitokanazo na kuhoji kaya, kwa sababu waliokuwa wakikubali kujibu walikuwa wameshuka chini ya mmoja kati ya watano. Nchi yenye wataalamu tele ikabaki haijui sawasawa ni wangapi wana kazi, na Benki Kuu yake, inayopanga riba kwa kutazama hesabu hizo, ikalalamika waziwazi. Walichokifanya cha heshima ni kusema: waliojibu hawatoshi, hatutoi namba.

Kuna jingine ambalo hukuuliza ila najua linakuja, kwa sababu kila chama hulifikia: mtataka kuuliza mapato kwa shilingi. Hapo idadi ndogo huuma zaidi. Chukua nyumba 30, kila moja inapata 50,000 kwa mwezi, na hoteli moja inayopata 1,500,000. Wastani wa zote 31 ni karibu 97,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja anayekipata. Mwaka unaofuata hoteli ile haijibu. Wastani unaanguka hadi 50,000 na barua inaandikwa kwamba mapato ya Lamu yamepungua karibu nusu, wakati hakuna aliyepoteza shilingi. Kwa hiyo msitoe wastani peke yake. Wapangeni wote kuanzia mdogo hadi mkubwa na mseme aliye katikati anapata kiasi gani. Katika mfano huu ni 50,000 miaka yote miwili. Tena msichapishe kundi lenye watu wawili au watatu. Mkiandika mapato ya "nyumba 3 za Kipungani", mji mzima unajua ni za nani, na mwaka ujao hao watatu hawatajibu tena.

Mwaulize wangapi? Kwa orodha ya 140, mkitaka pengo la pointi 10, mnahitaji majibu 57. Mwaka jana mlipata 58, basi kazi ya vijana wale ilikuwa nzuri kuliko mlivyoitambua. Mkitaka pengo la pointi 5 mnahitaji 103. Ushauri wangu ni huu: msitume ujumbe kwa wote 140 na kungoja watakaopenda. Andikeni namba 1 hadi 140 kwenye vipande vya karatasi, tieni kikapuni, mtu atoe 65 mbele ya wanachama. Hao 65 ndio wenu, msibadilishe jina hata moja. Asiyepatikana nyumbani arudiwe baada ya Alasiri, asipopatikana arudiwe baada ya Isha, na aliye Mombasa apigiwe simu. Msimtafute jirani yake aliye karibu badala yake, maana aliye karibu na aliye mbali hawafanani, na hilo nimelilipia Kizingitini. Majibu 58 kutoka kwa watu 65 waliotolewa kwa kura yana uzito kuliko 80 yaliyokuja yenyewe.

Na kila mwanachama apewe namba ya kudumu. Marekani kuna utafiti unaowauliza wachumi watabiri bei na ajira zitakwendaje, ulioanza 1968. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 waliokuwa wakijibu walipungua sana, ukaelekea kufa, mpaka benki ya shirikisho ya Philadelphia ilipouchukua 1990 na kutafuta watu upya. Humo kila mjibuji ana namba isiyo na jina, na majibu yake hufuatwa miaka na miaka bila msomaji kujua ni nani. Nyinyi mkiwa na namba kama hizo mtaweza kufanya jambo ambalo mwaka huu pengine bado linawezekana: kuwatafuta waliojibu miaka yote miwili na kuwatazama hao peke yao. Ikiwa wako 20, na kati yao wanane waliosema "palepale" mwaka jana sasa wanasema "yameshuka", hapo mna habari, ndogo lakini safi, kwa kuwa ni midomo ileile.

Barua msiichane. Iandikeni hivi:

"Mwezi wa Mei tuliwauliza wanachama wetu wote 140 kwa ujumbe wa WhatsApp, walijibu 31, na 19 kati yao walisema mapato yameshuka. Mwaka jana, Agosti, tuliuliza nyumba kwa nyumba. Walijibu 58, na 31 walisema hivyo. Waliojibu mwaka huu ni wachache mno, na wakati na njia vilitofautiana, kwa hiyo hatusemi kwamba hali imezidi au imepungua. Tunachosema ni kwamba miaka yote miwili zaidi ya nusu ya waliojibu waliona mapato yao yakishuka, na tunaomba kaunti itusaidie kuwauliza wote vizuri."

Najua itaonekana barua dhaifu kuliko ya kwanza. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza, upande wa kupokea barua, na nakuhakikishia kwamba barua yenye asilimia bila idadi huwekwa pembeni na mtu yeyote anayejua kusoma takwimu, na anayeileta mwaka ujao huanza akiwa na deni. Barua inayotaja 31 kati ya 140 hujibiwa kwa swali, na swali ni mwanzo wa mazungumzo.

Kabla ya yote hayo, kuna kazi ya jioni tatu. Chukua orodha, watie alama wale 109 wasiojibu, na kando ya kila jina andika moja kati ya manne: amefunga, yuko safarini, amekataa, hatukumfikia. Uliza barazani, uliza wenye punda wanaobeba mizigo ya nyumba zile, wao wanajua mlango gani haujafunguliwa tangu Ramadhani. Ukimaliza nitumie hesabu, namba tu bila majina, nami nitakaa nayo tuone barua inaweza kusema nini zaidi.